Mchele Haujichambui

Kila mshauri wa bajeti ya nyumbani ana wosia mmoja asiouacha: nunua vitu kwa jumla, mara moja kwa mwezi, utaokoa fedha na muda. Kwenye karatasi hesabu yake haina kasoro. Nyanya za kisado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo masoko yetu yameligeuza kuwa mizani, ni nafuu kuliko za fungu. Mafuta ya dumu ni nafuu kuliko ya kupima, na mche mzima wa sabuni ni nafuu kuliko kipande. Lakini simama kituo chochote cha daladala Mbagala, Tandale au Kimara saa kumi na mbili na nusu jioni, uangalie wanaoshuka wanaelekea wapi. Wanakwenda kwenye genge. Pale mezani nyanya zimepangwa mafungu, nne chini na moja juu ili ile nzuri ionekane. Kuna hoho moja moja, karoti zilizokwisha kukunwa na kufungwa kwenye vifuko, na tangawizi inayouzwa kwa vipande vya ukubwa wa kidole. Wakati mama anachagua fungu, mtoto ametumwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, akalete robo ya sukari na kiberiti, na huenda arudi na ujumbe kwamba daftari la madeni limejaa, lipunguzwe kwanza.

Ni rahisi kuliita hilo ujinga wa hesabu, na wengi wameliita hivyo. Mwaka 1963 mwanasosholojia David Caplovitz alionyesha jinsi maskini wa New York walivyolipa zaidi kuliko wenye uwezo kwa bidhaa za aina ileile. Maelezo mazuri ya kwa nini watu hufanya hivyo huku wanajua yalikuja baadaye, katika utafiti uliochapishwa kama kitabu mwaka 2009 kwa jina la Portfolios of the Poor. Watafiti walifuatilia mapato na matumizi ya familia za Bangladesh, India na Afrika Kusini kwa kuandika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Walichokikuta ni kwamba shida si udogo wa kipato peke yake. Kipato hicho huja kwa kushtukiza: leo kipo, kesho hakipo, keshokutwa kinakuja mara mbili. Mama lishe na dereva wa bodaboda hawahitaji kusoma kitabu ili walijue hilo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, kwa sababu shilingi iliyolala ndani ya dumu la mafuta haiwezi kuamka usiku ikampeleka mtoto zahanati. Tena chumba kimoja hakina stoo, friji bila umeme ni kabati, na dumu lililojaa lina tabia ya kumwagwa kwa mkono mkunjufu kuliko mafuta ya kikombe.

Maduka makubwa yaliyokuja kutufundisha ununuzi wa kitoroli hayakudumu. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga yake mwaka uliofuata, na miaka michache baadaye Nakumatt yenyewe ikaporomoka. Sisemi kwamba genge ndilo lililowaangusha. Walikuwa na madeni na uongozi wao wa kutosha kuwaangusha. Ila Mangi bado yupo, na saa tatu usiku bado amefungua.

Mshauri akishindwa upande wa fedha hukimbilia upande wa muda, na hapo ndipo ninapotaka kubishana naye kwa dhati. Hoja yake, ambayo sasa ni hoja ya karibu kila mzazi wa mjini, huenda hivi: kila safari ya genge, kila beseni la nguo, kila deki ni muda ulioibwa kutoka kwa watoto. Kazi za nyumbani ni ukuta. Upande wa pili wa ukuta kuna bustani iitwayo muda wa familia. Bomoa ukuta, kwa mashine, kwa dada wa kazi, kwa ununuzi wa mara moja kwa mwezi, na bustani itafunguka. Mimi nadai kwamba bustani hiyo haiko upande wa pili. Katika nyumba nyingi, saa ambazo wazazi na watoto wanakuwa pamoja wakiwa macho ndizo saa za kupika, kufua, kufagia na kwenda dukani, na ukiziondoa zote kwa pamoja, mara nyingi unaiondoa familia nazo.

Jaribio la kubomoa ukuta limeshafanyika, tena kwa gharama kubwa, huko Marekani katika karne iliyopita. Nyumba za kule zilipata maji ya bomba, umeme, jiko la gesi, friji na mashine ya kufulia ndani ya vizazi viwili. Mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alilinganisha takwimu za matumizi ya muda akakuta kwamba mama wa nyumbani asiye na ajira alitumia takriban saa 52 kwa wiki katika kazi za nyumba miaka ya 1920, na takriban saa 55 miaka ya 1960. Mashine zote zile, na saa zikaongezeka! Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alieleza sababu katika kitabu chake cha 1983, More Work for Mother. Mashine ziliondoa kwanza kazi za wengine. Jiko la gesi lilimwondolea baba kupasua kuni na mtoto kubeba makaa; mashine ya kufulia ilimwondoa mwanamke aliyekuja kufua kwa malipo, na nguo alizokuwa akifua zikahamia kwa mama. Kisha vipimo vya usafi na vya mapishi vikapanda. Unga mweupe wa kiwandani ulipoingia, mkate wa haraka wa zamani haukutosha tena, ikabidi ziokwe keki. Shati la siku tatu likawa la siku moja.

Hapa kwetu jambo hilo linaonekana sakafuni. Uwanja wa udongo uliridhika na ufagio wa chelewa asubuhi, ukinyunyiziwa maji kidogo kutuliza vumbi. Sementi ikadai dekio. Vigae vyeupe, ambavyo sasa ni heshima ya kila nyumba mpya kuanzia Goba hadi Kigamboni, vinaonyesha unyayo wa paka, kwa hiyo vinadekiwa asubuhi, na mgeni akipiga simu kwamba yuko njiani vinadekiwa tena. Hakuna aliyekaa akaamua kuiongezea nyumba kazi. Tulinunua tu sakafu ya kupendeza, nayo ikaja na madai yake.

Je, angalau familia zilizofanikiwa kuondoa kazi zimepata bustani? Kati ya mwaka 2001 na 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Elinor Ochs, waliingia na kamera katika nyumba za familia 32 za tabaka la kati ambazo wazazi wote wawili walifanya kazi. Nyumba zilifurika vitu. Gereji nyingi hazikuwa na nafasi ya gari kwa sababu zilijaa maboksi. Watoto walifanya kazi chache mno za nyumbani. Na familia nzima kukutana chumba kimoja lilikuwa jambo la nadra: huyu yuko kwenye kompyuta, yule kwenye televisheni, mama jikoni peke yake. Watoto waliachiwa muda, na muda huo wakautumia mbali na wazazi wao.

Sasa tuangalie upande wa huku. Katika miaka ya 1950 kundi la watafiti lilianza kulinganisha malezi katika jamii sita: Marekani, Mexico, India, Ufilipino, Okinawa na Nyansongo, jamii ya Wakisii magharibi mwa Kenya. Matokeo kuhusu watoto yalichapishwa na Beatrice na John Whiting mwaka 1975. Akina mama wa Nyansongo walikuwa wakulima wenye mashamba ya kulima, na hawakuwa na nafasi ya kukaa chini kucheza na watoto. Waliwapa kazi tangu wadogo: kubeba kuni, kuchota maji, kumbembeleza mdogo wao. Watoto hao ndio walioonekana kuwa wepesi zaidi kutoa msaada na kumjali mwingine, huku wale wa mji wa Marekani wakiwa upande wa pili wa mizani. Jirani tu na hapo, Carol Ember alichunguza wavulana wa Kiluo katika Nyanza Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Baadhi yao walipewa kazi zinazoitwa za kike kwa sababu nyumbani hapakuwa na dada wa umri unaofaa. Wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani ya nyumba, walikuwa wapole kuliko wenzao na walijali wengine zaidi. Walikuwa wanalea na kupika kwa sababu tu ya mpangilio wa kuzaliwa, jambo ambalo mtoto hajichagulii, na ndiyo maana utafiti huu una uzito kwangu kuliko mahubiri mengi. Hata hivyo sitaupandisha kupita kiasi. Kijiji cha wakati ule si Sinza ya leo, na tafiti mbili hazimalizi mjadala. Zinatosha kutupa shaka juu ya imani kwamba mtoto hupata malezi pale kazi inapokwisha.

Ninayoyasema yanaweza kugeuzwa kirahisi kuwa sifa ya taabu, kwa hiyo niweke mpaka mapema. Kuna kazi zinazostahili kubomolewa bila huruma, na kipimo changu ni cha mikono na mdomo: je, mikono ikiwa kazini, mdomo unabaki huru? Ndoo ya lita 20 kichwani haiachi pumzi ya hadithi. Foleni ya bombani saa tisa usiku si muda wa familia. Kupuliza mkaa uliolowa, macho yakitoka machozi, hakumfundishi mtoto lolote ila kuchukia jiko. Maji ndiyo mfano mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji ya nyumbani Kenya, Uganda na Tanzania, na kitabu chao cha 1972, Drawers of Water, kikawa msingi wa fani nzima. Miaka 30 hivi baadaye watafiti wengine walirudi maeneo yaleyale. Katika nyumba zilizounganishwa na bomba, matumizi ya maji kwa mtu yalikuwa yameshuka kwa takriban nusu, maana mabomba yalikuwepo lakini maji hayakuwa yakitoka kama zamani, na watu walikuwa wamerudia kuchota na kununua. Bomba kavu ni kazi ya ziada yenye koki. Nikimpa mzazi mwenye akiba ndogo ushauri mmoja wa kununua kitu cha kuokoa muda, sitamtajia mashine ya kufulia. Nitamtajia tangi la maji kwanza, halafu mtungi wa gesi. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hilo likitimia litakuwa limefanya zaidi kwa jioni za familia kuliko semina zote za malezi.

Upande wa pili wa mpaka huo ndiko uliko mchele. Mchele umemwagwa kwenye ungo, na watu wawili au watatu wameukalia. Kidole kinasukuma punje kutoka kwenye rundo la kati kuelekea ukingoni, kinatenga mawe upande mmoja na chuya upande mwingine. Mara kwa mara ungo unarushwa kidogo, pumba zinapepea, na kazi inaendelea. Macho yote yako chini. Ni hali ambayo kijana wa miaka 13 anaweza kusema kwamba hataki tena kukaa karibu na fulani darasani, bila kulazimika kumtazama mama yake usoni, na mama anaweza kuuliza swali la pili baada ya kimya cha punje hamsini bila kimya hicho kuonekana cha ajabu. Jaribu kuyapata mazungumzo hayohayo kwa kumkalisha mtoto kwenye kochi na kumwambia tuongee. Kufua kwa mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuza na la kusuuzia tena, kuna sifa hiyohiyo: mmoja anafikicha, mwingine anasuuza, wa tatu anakamua na kuanika, na hakuna anayeweza kuondoka kabla ya mwenzake. Kunyambua mchicha ni hivyo. Kwenda genge pia ni hivyo, tena genge lina nyongeza ya hesabu za kujumlisha na kutoa ambazo hakuna mwalimu anayezisahihisha kwa kasi kama muuza nyanya. Mchele wa kiwandani usio na mawe ukiingia nyumbani, sina ugomvi nao. Mawe si lazima. Kinachotakiwa ni kazi yoyote ya kukaliwa na watu wawili.

Watakaopinga ni wengi, na wa kwanza atasema huu ni utumikishaji wa watoto uliopambwa. Wasiwasi wake una msingi. Wapo watoto wanaouza maji ya viroba stendi wakati wenzao wako darasani, na wapo wasichana wanaofua nguo za ukoo mzima huku kaka zao wakiangalia mpira. Lakini sheria zetu zenyewe zimetofautisha. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unampa mtoto haki, kisha katika ibara ya 31 unamtajia pia wajibu kwa familia, ukiwemo kuwasaidia wazazi panapohitajika. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inafuata njia hiyohiyo. Mstari mimi nauchora hapa: kazi ya mtoto ifanywe pamoja na mzazi, isiwe badala ya mzazi, na isile muda wa shule, kucheza wala kulala. Mtoto anayekunja nguo pembeni ya baba yake yuko nyumbani. Anayekunja peke yake saa nne usiku huku wote wamelala yuko kazini.

Mwingine atasema, kwa haki kabisa, kwamba mtoto huongeza kazi badala ya kuipunguza. Mtoto wa miaka sita akideki, anaacha dimbwi. Akiosha sahani, glasi moja inakufa. Mzazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja usiku hana subira ya kuangalia dimbwi. Nakubali yote. Kwa dakika, hiyo ni hasara, na itabaki hasara kwa miaka miwili mitatu. Ninachokataa ni kuihesabu kama usafi uliochelewa tu. Kama zile dakika ishirini za ziada ndizo tulizokuwa tunazitafuta kwa jina la muda wa familia, basi tayari tumezipata, zimelowa maji kidogo.

Halafu kuna jibu la mjini, dada wa kazi. Hili si la kupita haraka. Amri ya mishahara ya Tanzania ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha Sh 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri, na viwango vimepandishwa tangu hapo bila kuacha kuwa vya chini kabisa. Mara nyingi ni binti kutoka Iringa, Singida au Dodoma, ambaye mama yake naye ana nguo za kufua na mchele wa kuchambua, ila bila yeye. Familia ikisema dada ametupa muda, ukweli kamili ni kwamba muda umehamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine kwa bei hiyo. Wapo wazazi ambao bila msaada huo wasingeweza kuajiriwa, na siwalaumu. Ila dada akifanya kila kitu, ndiye anayekaa na watoto kwenye ungo, na ndiye anayeambiwa habari za darasani. Wazazi hushangaa siku anapoaga kwenda kwao, watoto wanalia kama msibani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la akina mama wenyewe. Kusema kazi za nyumbani ni muda wa familia, wataniambia, ni njia ya kistaarabu ya kutuambia tunyamaze tuendelee kufua. Shirika la Kazi Duniani katika ripoti yake ya 2018 lilikadiria kwamba wanawake hubeba zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za nyumbani na matunzo zisizolipwa. Utafiti wa matumizi ya muda wa Kenya wa mwaka 2021 ulikuta wanawake wakitumia takriban saa nne na nusu kwa siku kwa kazi hizo, na wanaume chini ya saa moja. Kwa takwimu hizo, hoja yangu ikisomwa na mama peke yake ni tusi. Inapaswa kusomwa na baba. Kama kweli watoto husema yao kando ya beseni, basi baba anayesubiri sebuleni hadi chakula kiive anakosa habari za nyumba yake siku saba kwa wiki, kisha Jumapili anawapeleka watoto ufukweni Coco na kushangaa kwamba wanajibu kwa neno moja moja. Na mama naye aondolewe hatia asiyostahili. Mwaka 2015 Melissa Milkie na wenzake walichapisha utafiti wa Marekani ambao haukuona uhusiano kati ya wingi wa saa ambazo mama alikuwa na watoto wa miaka 3 hadi 11 na maendeleo ya watoto hao. Kwa vijana wakubwa ndipo saa zilianza kuonyesha kitu, hasa wakati wazazi wote wawili walipokuwepo. Hakuna deni la saa linalolimbikizwa kwenye daftari la Mangi wa malezi.

Kuna sehemu ya kazi ambayo hata baba mwema husahau kuigawa, nayo ni kukumbuka. Kujua kwamba chumvi imebaki ya siku mbili, kwamba luku itaisha usiku, kwamba sare ya mdogo ina kifungo kimoja, kwamba mafuta yapimwe leo kwa sababu kesho ni mwisho wa mwezi na genge litapandisha. Baba akitumwa, ananunua. Lakini anayetuma bado ndiye anayefanya kazi. Hapa, kwa bahati, ununuzi wa vipimo vidogo ambao washauri wanaudharau una faida yake, kwa sababu humpitisha mtu dukani kila siku, na anayepita dukani kila siku huanza kukumbuka bila kuagizwa. Mtoto wa miaka kumi aliyetumwa kwa Mangi mwaka mzima anajua ni lini sukari ilipanda na Mangi yupi hupima kwa kidole gumba ndani ya kikombe. Mwulize robo ni shilingi ngapi wiki hii. Atajibu kabla baba yake hajatoa simu mfukoni kumpigia mama.